Weihrauch HW95 ikiwa mpya: hitilafu zipi urekebishe mwenyewe na zipi urudishe dukani

HW95 ni bunduki ya upepo ya kukunja mtutu (unaukunja ili kukaza springi ya ndani, ndiko kukoki, na springi ikiachiwa husukuma pistoni) inayotengenezwa na Weihrauch, kampuni ya Kijerumani iliyoanza mwaka 1899 na ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilihamia Mellrichstadt, Bavaria. Ina uzito wa kilo 3.4 hivi bila darubini, urefu unaozidi mita moja kidogo, na triga ya Rekord ambayo kwa miongo mingi imekuwa kipimo cha triga nyingine zote za bunduki za springi. Ni bunduki nzuri. Tuliseme hilo mapema, kwa kuwa mengi yatakayofuata ni lawama.

Lawama zenyewe zinahusu risasi 500 za mwanzo, yaani kopo moja. Ndani ya kopo hilo HW95 inaweza kutoa moshi, kunuka oili iliyoungua, kulia kama bati lililogongwa na kutawanya matundu kwenye karatasi hata mpigaji mzuri ajione hajui kushika bunduki. Mnunuzi asiyejua huamua kwamba kauziwa mbovu. Mara nyingi siyo. Lakini zipo zinazotoka na kasoro ya kweli, na hiyo haiponi kwa subira wala kwa oili. Kazi ni kutenganisha hayo mawili kabla ya kugusa bisibisi, maana bisibisi ikiingia pasipo pake, waranti imekwenda.

Kuhusu sheria kwa ufupi, kwa sababu inagusa vipimo vitakavyotajwa. England na Wales bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-paundi 12, sawa na jouli 16.27, haihitaji cheti, ila mnunuzi awe ametimiza miaka 18 na muuzaji mwenye leseni akukabidhi ana kwa ana. Scotland inadai cheti cha bunduki ya upepo tangu mwisho wa mwaka 2016. Ujerumani toleo linalouzwa huru ni la jouli 7.5, lenye alama ya F ndani ya pembetano. Aliye Kenya au Tanzania aanze na ofisi ya leseni za silaha kabla ya kumtumia mtu hela.

Kabla ya risasi ya kwanza

Kiwanda hupaka mtutu oili ya kuzuia kutu. Oili hiyo ikibaki, risasi za mwanzo hupita kwa mwendo usiolingana, na sehemu yake hurudi kwenye tundu la hewa (ambamo hewa hupita kusukuma risasi) na kuungua. Kunja mtutu kidogo tu bila kukoki, pitisha uzi wa nailoni kuanzia kwenye kitundu cha kutilia risasi hadi mdomoni, funga kipande cha pamba kikavu, vuta. Rudia hadi pamba itoke bila weusi. Vipande vitano mpaka nane hutosha. Usitumie brashi ya shaba na usiingize fimbo ya chuma kwa upande wa mdomo. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho risasi inayogusa, na mkwaruzo mdogo hapo huharibu ulengaji wa bunduki nzima.

Papo hapo kagua vitu vitatu ambavyo dukani huwa havikaguliwi. Ukingo wa mdomo uwe na mviringo safi, usio na makombo. Mtutu ukifungwa, ukae sawa na silinda pasipo mwanya upande mmoja. Mbao isiwe na ufa karibu na matundu ya skrubu za mbele. Lolote kati ya haya likikosekana, funga boksi, piga picha, rudisha. Hakuna cha kurekebisha hapo.

Na moja la usalama ambalo kijitabu cha mwongozo hulitaja harakaharaka. HW95 haina kifaa cha kuzuia triga mtutu ukiwa wazi. Faida yake ni kwamba unaweza kuilegeza springi bila kupiga: ushike mtutu kwa nguvu, uvute hadi mwisho, ufungue sefti (kitufe cha usalama), ubonyeze triga, kisha urudishe mtutu polepole. Hasara yake ni kwamba kidole kikigusa triga mtutu ukiwa wazi na haujashikwa, unarudi kwa kishindo cha springi nzima. Vidole huumia, mtutu hupinda kuelekea juu, mbao hupasuka, na mtutu uliopinda hivyo hauwezi kuitwa kasoro ya kiwandani. Kwa hiyo mkono mmoja haubanduki kwenye mtutu kuanzia unapokoki hadi unapofunga.

Moshi, harufu na mlipuko

Hili ndilo linalowatisha wengi. Pistoni ya bunduki ya springi hugandamiza hewa kwa ghafla na hewa hiyo hupata joto kali. Pakiwa na oili au grisi mbele ya pistoni, inawaka, ndivyo injini ya dizeli inavyofanya kazi bila plagi. Moshi mwembamba na harufu katika risasi 20 hadi 50 za mwanzo ni jambo la kawaida kabisa. Mlio mkali kama wa bunduki ya baruti siyo kawaida. Huo ni mlipuko kamili, na ukijirudia unaweza kuunguza sili ya pistoni (kizuia hewa kuvuja) na kuvunja springi.

Njia ya kuumaliza ni kupiga risasi nzito kidogo, zinazokaa vizuri kwenye mtutu, na kuacha grisi ya ziada iishe. Kwa mtutu wa 4.5 mm chukua za gramu 0.6 au zaidi, upige 50, usafishe mtutu tena kwa pamba, halafu ndipo urudi kwenye risasi zako za kawaida. Kama baada ya risasi 200 bado inalipuka kwa kishindo mara kwa mara, kuna grisi nyingi mno mbele ya pistoni. Hiyo ni kazi ya duka, na duka zuri litaifanya bila malipo.

Kosa linalofanyika hapa ni kudondosha oili kwenye tundu la hewa. Ushauri huo ulifaa bunduki za zamani zenye sili ya ngozi, ambayo ilihitaji kulowana ili isikauke. HW95 ya leo ina sili ya plastiki ngumu, haihitaji kitu. Oili ya cherehani, WD-40, oili ya injini, hata "tone moja tu" la silikoni, vyote vinakurudisha kwenye mlipuko.

Kipindi hiki cha moshi kina mtego mwingine wa kisheria kwa waliopo Uingereza. Oili inayowaka huongeza nguvu. Bunduki iliyopimwa kiwandani chini ya kikomo inaweza, kwa risasi kadhaa zenye moshi, kusoma juu ya futi-paundi 12 kwenye kronografu, yaani kipima kasi ya risasi. Kwa hiyo usipime mapema. Pima baada ya moshi kuisha, kwa risasi zilezile kumi mfululizo. Kwa toleo la Uingereza, risasi ya 4.5 mm yenye gramu 0.547 ikienda mita 230 hadi 240 kwa sekunde, uko kati ya jouli 14.5 na 15.8, mahali pazuri. Ukikaribia mita 244 uko ukingoni kabisa. Kwa 5.5 mm yenye gramu 1.03, tafuta mita 170 hadi 175. Toleo la Ujerumani, kwa risasi ileile ya gramu 0.547, hukaa kwenye mita 160 hadi 165. Ikiwa moshi umeisha na bado unavuka kikomo, usiendelee kuipiga. Mpigie simu muuzaji siku hiyohiyo akuelekeze namna ya kuikabidhi.

Kwenye kronografu, wastani si kila kitu. Tazama pia tofauti kati ya risasi ya kasi zaidi na ya polepole zaidi. HW95 iliyotulia hutofautiana mita 3 hadi 5 kwa sekunde ndani ya risasi kumi. Ikiwa mpya, tofauti ya 10 au 15 inavumilika. Ikibaki hivyo baada ya kopo zima, kuna hewa inayovuja au springi iliyopinda.

Skrubu

Tukilazimika kutaja sababu moja tu ya bunduki mpya kutawanya risasi, tutataja skrubu za mbao. Zipo mbili ubavuni mbele, na nyingine kwenye kinga ya triga. Springi hurusha bunduki nyuma na pistoni inapofika mwisho huirusha mbele. Mateke hayo mawili kwa kila risasi hulegeza skrubu ambayo kiwandani ilikazwa kwenye mbao ambayo bado haijajikandamiza. Dalili ni matundu yanayohama taratibu kuelekea upande mmoja, kisha yanatawanyika, kisha siku inayofuata yanarudi mahali pake bila sababu.

Toa skrubu moja moja, si zote kwa pamoja. Ifute kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki pamoja na tundu lake, iache ikauke, tia tone moja la gundi ya kufungia nati ya rangi ya bluu, ile ya nguvu ya kati. Ya nyekundu usiisogeze karibu, kwa sababu kuitoa kunahitaji moto. Kaza hadi skrubu ishike, ongeza robo ya mzunguko, basi. Anayekaza kwa hasira huzamisha kichwa cha skrubu ndani ya mbao, na mbao ikishaliwa hivyo haitashika tena bila washa (pete ya chuma) pana. Bisibisi iwe na ncha inayojaza mfereji wote. Ncha nyembamba ndiyo inayoacha vichwa vimechanika kwenye bunduki nyingi za mitumba.

Iache usiku mzima gundi ikauke. Halafu kagua kila baada ya risasi 50 kwa kopo la kwanza, na baadaye kila kopo. Kazi nzima ni dakika 15 na huponya nusu ya malalamiko.

Darubini si sehemu ya bunduki, lakini hulaumiwa pamoja nayo

Mateke yale mawili huua darubini ambayo kwenye bunduki ya baruti ingeishi miaka. Darubini ya bunduki ya springi lazima iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo na iweze kuona vizuri kuanzia mita 10 hivi. Ukitoa ile ya bunduki ya kuwindia swala ukaiweka hapa, picha ya karibu itakuwa na ukungu na uzi wa kulengea utahama kila unaposogeza jicho.

Tatizo la kawaida zaidi ni darubini kuteleza kwenye reli. HW95 ina reli ya 11 mm iliyochimbwa juu ya silinda, na kwenye reli hiyo pana matundu madogo ya kuzamishia pini. Matundu hayo hayapo kwa urembo. Nunua kibano chenye pini ya kusimamisha, na pini izame kabisa ndani ya tundu kabla ya kukaza. Kibano cha kipande kimoja ni bora kuliko viwili vidogo. Futa oili ya kiwandani kwenye reli na ndani ya vibano kwa spiriti, kwa kuwa chuma chenye oili hakikamati. Ukimaliza, bandika kipande cha selotepu kwenye bomba la darubini mbele ya kibano. Kibano kikipanda juu ya selotepu baada ya risasi 50, umeshajua mhalifu.

Kasoro nyingine inayotajwa kama ya bunduki ni darubini kuishiwa marekebisho ya juu: umezungusha kitufe hadi mwisho na risasi bado inagonga chini. Kwenye bunduki za kukunja mtutu hili hutokea kwa kuwa mtutu na reli haviko kwenye chuma kimoja, na mtutu ukiangalia chini kidogo tu, pengo ni kubwa ukifika mita 30. Kibano chenye mwinamo, au kinachorekebishika, kinamaliza jambo. Usipinde mtutu. Usiweke kipande cha kopo la soda chini ya bomba hadi darubini ibonyee. Kama hata kibano cha kurekebisha hakitoshi, hapo ndipo rudisha.

Namna ya kujua kama darubini yenyewe imekufa ni kuitoa. Toleo lenye vilengeo vya chuma hukupa jibu kwa risasi kumi. Lisilo navyo, azima darubini ambayo unajua inafanya kazi. Duka likiuliza "umejaribu darubini nyingine?" na ukajibu ndiyo, mazungumzo yanafupika sana.

Bawaba, kabari na sili ya mtutu

Mtutu hufungwa na kabari ya chuma inayosukumwa na springi ndogo, na huzunguka kwenye bolti kubwa ya bawaba yenye nati ya kuifungia. Hapa Weihrauch anastahili sifa: bunduki nyingi za bei ya chini zina pini iliyopigwa nyundo, na pini ikilegea hakuna cha kukaza. Bolti ya HW95 inakazika. Kupima kama imelegea, koki bunduki isiyo na risasi, shika mtutu, jaribu kuutikisa kushoto na kulia. Usiwe na mchezo wowote. Kisha, ukiwa bado umeweka mkono chini yake, angalia kama unabaki pale unapouacha au unaanguka kwa uzito wake. Ukianguka, bolti imelegea. Baada ya kipimo, legeza springi kwa utaratibu ule wa mwanzo. Usipige bunduki tupu. Bila risasi mbele yake, pistoni hupoteza mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda, chuma kwa sili.

Kukaza bolti kunadai kutoa mbao, na hiyo ni skrubu zilezile za awali. Kwa kawaida haichukuliwi kuwa ni kufungua mtambo, lakini uliza muuzaji kwanza. Legeza nati, kaza bolti kidogokidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kila mara, kaza nati, pima tena. Ukizidisha, mtutu utakuwa mzito kukunja na washa za pembeni zitalika. Tone la grisi nyeusi ya molibdeni pande zote mbili za bawaba na kwenye uso wa kabari huondoa mkwaruzo ambao wengi hudhani ni springi iliyokatika. Tukisema tone tunamaanisha ukubwa wa punje ya mchele. Grisi hii isifike mbele ya pistoni.

Kuvuja hewa kunapimwa kwa tishu. Kata ukanda mwembamba, uweke juu ya kiungo cha mtutu na silinda, tia risasi, lenga kwenye kizuizi salama, piga. Tishu ikitulia, sili ni nzima. Ikiruka, hewa inatoka. Kwenye bunduki mpya sababu huwa mojawapo ya mbili: uchafu au ubapa wa mpira, au sili iliyokaa chini mno kwenye kitanda chake. Sili inapaswa kuchomoza kidogo kuliko uso wa chuma, kiasi cha kuonekana na kuhisiwa kwa ukucha. Kama imezama, kuna dawa ya zamani inayofanya kazi: ichomoe kwa kijiti cha mbao (si sindano), kata pete ya karatasi nene ya kadi yenye upana uleule, iweke chini yake, rudisha sili. Tofauti kwenye kronografu huonekana papo hapo. Sili mpya ni kitu cha bei ndogo, na kwa bunduki iliyo kwenye waranti itumwe na duka.

Kelele ya springi

Hapa ndipo HW95 inastahili kukosolewa bila huruma. Kwa bei yake, springi isingepaswa kulia. Lakini nyingi hulia: ukipiga, unasikia mtetemo wa chuma unaochukua muda kufa, na unauhisi shavuni. Chanzo ni mwongozo wa ndani wa springi, yaani bomba linaloizuia isiyumbe, kuwa mwembamba kuliko nafasi yake, na springi yenyewe kupakwa grisi kidogo au kutopakwa kabisa. Si hatari. Haipunguzi nguvu kwa kiasi cha kuonekana. Inaudhi tu, na bunduki inakuwa ngumu kuishika kwa namna ileile kila mara.

Duka halitaipokea kama kasoro, kwa kuwa kiwanda kinaichukulia kuwa kawaida. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuvumilia hadi waranti iishe, halafu kumpa fundi wa bunduki akutie mwongozo wa plastiki uliokatwa kwa kipimo na grisi nzito ya kunata. Ya pili ni kumwomba muuzaji afanye hivyo kabla hajakukabidhi. Uingereza yapo maduka yanayotoa huduma hiyo kwa malipo na bado yanasimamia waranti. Ya pili ndiyo tungeichagua.

Kufungua mwenyewe kunawezekana, kwa kuwa kifuniko cha nyuma cha silinda ya Weihrauch kimekatwa hesi na hufunguka kwa kuzungushwa, tofauti na bunduki zinazoshikiliwa na pini moja chini ya mgandamizo mkubwa. Lakini kuwezekana si ruhusa. Kwenye miezi ya mwanzo huna sababu ya kuingia humo.

Ila springi iliyopinda au kukatika ni jambo jingine, nayo hutokea hata kwa mpya. Ukikoki unasikia mkwaruzo wa hatua kwa hatua, kama meno. Nguvu inashuka ghafla badala ya kushuka taratibu. Bunduki inatikisika upande badala ya mbele na nyuma. Dalili mbili kati ya hizi zikikutana, acha kupiga. Kipande cha springi kinaweza kukwaruza silinda, na silinda ikikwaruzwa gharama ni nyingine.

Triga na sefti

Rekord haina shida nyingi, na inapokuwa na shida huwa ni ya mwenye bunduki. Ina skrubu ya kurekebisha uzito nyuma ya triga yenyewe. Kuikaza huongeza uzito, kuilegeza hupunguza. Kiwandani huwekwa nzito kiasi. Legeza nusu mzunguko, piga risasi kumi, ndipo uamue kama unataka zaidi. Kila unapopunguza, fanya jaribio hili: tia risasi, elekeza kwenye kizuizi, fungua sefti, gonga kitako kwa kiganja kwa nguvu mara tatu. Ikifyatuka, umeilegeza mno. Rudisha mzunguko mzima. Skrubu ikilegea hadi kuchomoza, umeshapita mahali pa busara.

Sefti hujifunga yenyewe kila unapokoki. Kuna wanaoichukia kwa hilo. Ukishaifungua na kubadili mawazo, irudishe kwa kuvuta mtutu tena hadi mwisho. Kama haijifungi kabisa, angalia kwanza kama unakoki hadi usikie mlio wa kushika. Wenye mikono dhaifu huachia mapema. Ikiwa unafika mwisho na bado haijifungi, au inafunguka bila kuguswa, hapo hakuna majaribio wala kusubiri kopo liishe.

Kurudisha

Kwa aliyenunua dukani Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukataa kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Baada ya hapo, duka lina nafasi moja ya kurekebisha au kubadilisha. Likishindwa, unaweza kukirudisha. Ndani ya miezi sita ya mwanzo kasoro huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kuuziwa, isipokuwa duka lithibitishe vinginevyo. Ujerumani kipindi hicho ni miezi 12 kwa vitu vilivyonunuliwa tangu mwaka 2022. Anayedaiwa ni aliyekuuzia. Akikuambia "andikia kiwanda", mkumbushe kwa adabu.

Siku 30 ni chache kwa bunduki inayohitaji risasi 500 kutulia. Anayenunua kisha akaiweka kabatini miezi miwili ameitupa haki yake nzuri kuliko zote. Panga kulimaliza kopo hilo ndani ya wiki tatu.

Peleka na karatasi. Iwe na usomaji wa risasi kumi kwenye kronografu, aina na uzito wa risasi, umbali, picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu kumi yaliyopigwa kutoka kwenye mto laini, na maneno mafupi ya ulichokwisha kukagua: skrubu, darubini, tishu. Hilo la mto laini tunalisisitiza. Bunduki ya springi ikiegemezwa kwenye tofali au meza tupu huruka na kupiga juu, na fundi wa duka ataiegemeza kwenye mkono wake, itapiga vizuri, naye atakurudishia akisema haina kitu. Iegemeze kwenye kiganja kilicho wazi juu ya mto, mahali palepale pa mbao kila risasi, bila kuibana begani. Jaribu pia angalau aina tatu za risasi, zikiwemo za kichwa cha 4.51 na 4.52 mm kwa mtutu wa 4.5, kwa kuwa mtutu mmoja hupenda hii na jirani yake aliyetoka siku moja kiwandani akaikataa.

Inunuliwe?

Kwa anayetaka bunduki ya springi itakayomfikisha uzeeni, ndiyo. Vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi Ulaya, bawaba inakazika, triga haina mpinzani kwa daraja lake. Tunaipunguzia alama kwa kelele ya springi na kwa grisi ya kiwandani iliyopakwa bila mpango, mambo mawili ambayo kiwanda cha umri huu kingeweza kuyamaliza kwa gharama ndogo.

Asiyetaka shughuli za bawaba na sili ya mtutu aitazame HW97K ya kampuni hiyohiyo, ambayo mtutu wake haukunjiki bali hukokiwa kwa mkono ulio chini. Ni nzito zaidi na haina vilengeo vya chuma, kwa hiyo bei ya darubini nzuri iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.